Picha ya Binti wa Dobi

Siku hizi pale ni duka la simu. Ukipita utaona vioo vipya, taa za rangi rangi, na vijana wenye bisibisi ndogo wakihangaika na simu zilizodumbukia chooni. Lakini wenyeji wa mtaa ule, hata waliohama zamani, bado wanaiita kona ile Kwa Picha. Mgeni akielekezwa huambiwa ashuke mpaka Kwa Picha, apinde kulia. Picha zenyewe hazipo tena, ila jina limegoma kuhama.

Enzi zake ilikuwa studio ya chumba kimoja na nusu. Chumba kizima kilikuwa cha wateja. Ile nusu ilikuwa chumba cha giza, yaani stoo iliyozibwa dirisha kwa blanketi zito. Ukiingia tu, harufu ya dawa za kusafishia picha ilikupokea mlangoni, kali kama siki, na ukitoka ulitoka nayo kwenye nywele. Palikuwa na kigoda cha kuzunguka, pazia la nyuma lililochorwa ngazi za jumba ambazo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuzipanda, na kitana cha wateja kilichofungwa kamba ili kisitembee. Palikuwa pia na koti la suti la kuazima. Nusu ya waume wa mtaa walipigwa picha zao za kwanza ndani ya koti lile, wanene wakiliacha wazi, wembamba wakibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Raha ya mambo yale huwezi kumweleza mtu anayejipiga picha hamsini kabla hajanawa uso.

Mwenye studio alikuwa Mjomba. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kumwiga mpwa wake, na huyo mpwa ndiye tunayemzungumzia. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno yote. Mjomba akamchukua, akamlea, akamsomesha, na alipomaliza shule akamkalisha kwenye meza yenye kioo kilichowashwa taa kwa chini, akampa kalamu ya risasi iliyochongwa ikawa na ncha ya sindano. Binti hakuiachia tena. Ndipo likaja jina la Kalamu, likamganda, hata ndugu zake wakawa wanakuna vichwa kulikumbuka lile la kuzaliwa.

Kazi yake ilikuwa kurekebisha nyuso. Filamu ikishasafishwa hutoka negativu, ile picha ya kinyume ambamo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Kalamu aliilaza juu ya kioo chenye taa, akainama, akafuta chunusi, mikunjo na kovu la utotoni. Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa ile ambayo Mjomba aliiita kumpa mtu nuru. Unachukua brashi nyembamba, unaichovya kwenye rangi nyekundu iliyozimuliwa kwa maji, unaupaka uso wa mtu pale kwenye negativu, tabaka juu ya tabaka. Ule wekundu huzuia mwanga wakati wa kuchapa, na mwanga ukizuiwa, karatasi hubaki nyeupe. Mtu aliyeingia studio akiwa mweusi tii alitoka kwenye fremu akiwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi.

Na watu walipenda, usiwaone hivi! Walikuja kutoka mitaa ya mbali. "Mjomba, nipe nuru ya kutosha, picha inaenda kwa wakwe." "Mjomba, mbona mume wangu umemwangaza kuliko mimi? Nani anaolewa hapa?" Mjomba alicheka meno yote nje, akaahidi kurekebisha. Ndani ya chumba cha giza alikuwa ametundika picha ya bibi mmoja wa Kizungu mwenye glavu, iliyokuja zamani pamoja na negativu yake ndani ya boksi la karatasi za kuchapia. Wenyewe walimwita Bibi wa Kipimo. Picha yoyote iliyotoka ililinganishwa naye: ikiwa Bibi anatoka safi kwa dawa ile na kwa muda ule, basi dawa ni nzuri na muda ni sahihi. Kalamu alikuwa akimwamkia kila asubuhi kwa mzaha, "Shikamoo, Bibi," kabla ya kuvaa aproni.

Kalamu mwenyewe alikuwa mweusi, na Mjomba alimzidi. Ubaguzi wa rangi waliujua, tena vizuri, kwani waliusikia redioni. Ulikuwa mambo ya nchi za mbali, ya watu wenye mbwa wakali na mabango ya kukataza wenzao kupita. Mjomba alisikiliza habari zile akisonya. "Binadamu hawa wana roho za namna gani?" alisema, kisha akarudi kuzimua rangi yake nyekundu. Kalamu naye alisikitika kwa dhati kabisa, machozi yakimlengalenga, akachovya brashi.

Kila mwaka walipata kazi ya kupiga picha za madarasa kwenye shule kubwa, ambako watoto wa kila asili walisoma pamoja. Kalamu ndiye aliyewapanga. Weupe aliwaweka mbele, wa kati katikati, weusi nyuma, kwa sababu ya mwanga, ndivyo alivyofundishwa. Aliwapanga akiwatania na kuwashika mabega, maana aliwapenda. Hakuna mtoto aliyewahi kulia. Wale weusi walikuwa wakienda nyuma wenyewe kabla hajawaonyesha.

Hayo ndiyo maisha yaliyokuwapo siku alipoingia yule mama.

Alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke wa makamo, vidole vimekunjamana kwa sabuni na maji ya moto. Alisalimia, akakaa, akafungua fundo la kanga, akatoa kipicha kidogo cha kubandika kwenye kitambulisho cha shule. Ilikuwa picha ya binti yake. Homa ilikuwa imemchukua mtoto kwa siku chache tu, bila kumpa mtu nafasi ya kuzoea.

"Alipigwa hapa hapa," alisema. "Mimi nilikuwa zamu, mdogo wangu ndiye aliyemleta. Sina nyingine. Nataka mnikuzie, iwe kubwa, niitundike."

"Tutakukuzia, mama," alisema Kalamu. "Pole sana."

"Ni kwamba ameanza kunipotea." Dobi alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza dukani anachotaka. "Nikifumba macho namwona vipande vipande. Nikilishika jicho, mdomo unaniponyoka. Hiki kipicha ni kidogo mno, hakinisaidii. Namtaka mwanangu, nimwone."

Kalamu aliitafuta negativu kwenye maboksi kama anayetafuta dawa ya mgonjwa wake. Alipoipata akaifungia kazi. Ilikuwa na nuru yake ya mwanzo, ile ya kila mtu, lakini akaona haitoshi kwa msiba mzito kama ule. Akaongeza tabaka jingine la wekundu, kisha jingine. Akalainisha mashavu. Akaipaka pua pembeni kwa rangi ile ile, kidogo tu, ikawa nyembamba. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, hata Mjomba akaita jirani aje aone. Kalamu alikuwa akijisemea kwamba huyu mama atalia kwa furaha.

Dobi alipokuja alipewa picha ndani ya fremu. Akaitazama. Akaigeuza, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

"Mmenichanganyia," alisema. "Hii si yangu."

"Ni yeye, mama."

"Huyu simjui."

"Ni yeye kabisa! Nimemshughulikia kwa mikono yangu mwenyewe. Mtazame vizuri, amependeza zaidi."

"Zaidi ya nani?"

Kalamu akaanza kupanga kalamu zake mezani.

"Nakuuliza, binti. Amependeza zaidi ya nani? Zaidi ya mwanangu?" Dobi aliiweka fremu mezani polepole, kifudifudi. "Mimi kazi yangu ni kufua mashuka. Linaletwa chafu, nalirudisha jeupe. Mwanangu hakuwa shuka. Yuko wapi wangu?"

"Yupo," alisema Kalamu. "Yupo hapo chini ya rangi."

"Basi mtoeni. Nitarudi mwisho wa mwezi." Akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga.

Kalamu alitoka nje kupunga upepo, akajikuta mbele ya dirisha la studio, pale walipotundika picha zao bora. Alikuwa amepita hapo kila siku ya maisha yake. Siku hiyo alizitazama moja baada ya nyingine: bibi harusi, karani wa posta, mapacha wa muuza mkaa, mwalimu wa dini. Watu wasiohusiana kwa damu wala kwa ndoa, na wote walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wote walikuwa wajukuu wa yule Bibi mwenye glavu. Na hapo hapo, bila kuitwa, ikamjia picha nyingine, iliyotundikwa nyumbani juu ya kitanda chake tangu utotoni: mwanamke mwenye uso mweupe mwororo, anayetabasamu. Mama yake.

Akaingia ndani moja kwa moja.

"Mjomba, mama alikuwa na rangi gani?"

Mjomba alikuwa anakata karatasi. Akasita. "Swali gani hilo?"

"Alikuwa na rangi gani?"

"Kama wewe," alisema Mjomba. "Alikuzidi kidogo. Kama mimi."

"Na ile pua?"

Mjomba akarudi kukata karatasi.

"Negativu yake iko wapi?"

"Iliharibika zamani. Nilikuwa bado najifunza, sikujua kuzitunza." Akaweka mkasi chini. "Nilimpendezesha dada yangu. Kuna ubaya?"

"Mjomba, nimekuwa nikimlilia nani miaka yote hii?" Kalamu alisema, na sasa alikuwa analia kweli, kwa sauti, bila haya. "Nimeongea na yule mwanamke. Nimemsimulia mambo yangu yote. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo najiuliza nilimkosea nini mama asinirithishe hata kidogo. Kumbe nilikuwa naye usoni muda wote!"

Mjomba alikasirika, na alikuwa mtu asiyekasirika ovyo. Alisema amelea mtoto akamgeukia. Alisema studio ile ndiyo iliyomlisha na kumvisha, na kama kuwapa watu nuru ni dhambi, basi aende akatafute kazi isiyo na dhambi. Kalamu alisema ataifua ile negativu ya mtoto wa dobi, atake asitake.

"Thubutu," alisema Mjomba. "Ile negativu ni moja tu duniani. Ina matabaka ya kukazana. Ukiiloweka sana, ngozi ya filamu inavimba, inachubuka, inaondoka na mtoto. Leo yule mama ana picha asiyoipenda. Ukikosea, hatakuwa na picha kabisa."

"Leo hana picha kabisa, Mjomba. Ana picha niliyoichora mimi."

Akajaza maji sinia, akaiweka pale mlangoni kwenye mwanga, akaitumbukiza negativu. Wekundu ukaanza kutoka, nyuzi nyembamba zikielea majini. Kalamu aliishika filamu kwa ncha za vidole, akaitikisa kwa pupa ili rangi itoke upesi. Mjomba alimtazama kwa muda, akasonya, akakunja mikono ya shati.

"Toka hapo. Utamuua mtoto wa watu mara ya pili."

Akachuchumaa yeye. Akabadilisha maji, akaitikisa sinia taratibu, akabadilisha tena. Na huku macho yake yakiwa kwenye maji, akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Unajua mimi nilijifunzia wapi kazi. Kwa yule Mzungu wa mtaa wa juu. Nilikuwa nafagia, naosha vyombo vya dawa, mwisho akaniacha nichape. Siku moja nilinunua filamu yangu mwenyewe, nikamwomba anipige picha nimtumie mama. Akaniambia atakuwa anaharibu filamu bure. Akasema kumpiga picha mtu kama mimi ni kupiga picha shimo." Akamwaga maji, akaweka mengine. "Wote waliokuwepo walicheka. Nami nikacheka. Nilicheka sana, Kalamu. Halafu nikaapa kwamba siku nikiwa na studio yangu, hakuna mtu wangu atakayetoka pichani kama shimo."

Kalamu alikaa chini sakafuni karibu naye. Alitaka kumkumbatia, na alitaka kumpiga.

"Hukumpinga, Mjomba," alisema. "Ulimkubalia. Alisema sisi ni shimo, nawe ukachukua brashi ukaanza kulifukia."

Mjomba akabadilisha maji tena. Ukingo mmoja wa filamu ulianza kuinuka majini kama ganda la kitunguu, na kwa pumzi chache studio nzima ilikuwa roho juu. Mjomba akaidaka, akaitosa kwenye dawa ya kukazia, akasubiri. Ikashika. Wekundu kidogo ulibaki kwenye sikio moja, wakaamua kuuacha, kwani kuendelea kungekuwa kucheza kamari na mali ya mtu.

Ungedhani kazi imekwisha. Wapi! Walipoichapa, ilitoka giza tupu lenye macho mawili. Mjomba akainua karatasi ile inayochuruzika, akasema kwa uchungu, "Umeona sasa? Shimo."

Lakini Kalamu alikuwa ameshafunguka macho. "Shimo ni letu," alisema. "Sisi hatujawahi kujifunza kumchapa mtu mweusi. Kila tulichonacho humu tumekipima kwa Bibi."

Ikawa ndiyo kazi yao mwezi ule. Karatasi walizozoea zilikuwa kali, zikitoa weupe mtupu na weusi mtupu bila cha katikati, basi wakaagiza zile laini ambazo Mjomba alizidharau kuwa ni za kuchapia picha za milima na mawingu. Wakati wakizisubiri, Kalamu alimburuta Mjomba mpaka kwenye kigoda. Alimwambia akae. Mjomba alikataa, akakubali, akaomba koti la kuazima, akanyimwa. Kalamu akaisogeza taa kubwa pembeni, akaipunguza ukali kwa shuka, akaliondoa lile pazia la ngazi kwa sababu weupe wake uliufanya uso wowote mweusi uonekane umezama. Alipiga, akasafisha, akakosea, akapiga tena. Akagundua kwamba weusi wa Mjomba si mmoja: paji la uso lilikuwa na wake, chini ya macho palikuwa na mwingine wenye ubluu, na kwenye mashavu mwanga ulitelemka na kutua vizuri ajabu. Picha ilipotoka, Mjomba aliishika muda mrefu.

"Nimefanana na baba," alisema.

Bibi mwenye glavu akashushwa msumarini kwa heshima zake, akafungwa kwenye gazeti. Mjomba akatundikwa mahali pake. Kuanzia siku hiyo akawa ndiye kipimo cha studio, na alijivuna nacho mpaka ikawa kero.

Ila msidhani mambo yalikuwa laini. Mwezi huo huo shule kubwa iliwaita kwa picha za madarasa. Kalamu alipofika uwanjani aliwaona wale watoto weusi wakielekea nyuma, wenyewe, kwa mazoea, wakipiga soga njiani. Yeye ndiye aliyewafundisha njia ile. Akawaita, akawapanga kwa urefu, warefu nyuma na wafupi mbele, bila kujali kingine. Mwalimu mkuu alikuja mbio.

"Dada, picha yangu itakuwa na mabakabaka. Wapange kama siku zote."

"Kama siku zote ilikuwa makosa, mwalimu. Tena yangu."

"Wazazi watalalamika."

"Wa nyuma au wa mbele? Wa nyuma mbona miaka yote hamkuwasikia?"

"Mimi sina ubaguzi, tafadhali. Ni suala la mwanga tu."

"Nami nilisema hivyo hivyo," alisema Kalamu. "Mwanga nitaushughulikia mimi, ndiyo kazi yangu. Watoto wakae walivyokaa."

Mwalimu mkuu akasema basi, asipige. Kalamu akakunja miguu mitatu ya kamera, akaenda zake, na shule ile haikuwaita tena maisha. Mwaka uliofuata alikuja mpigapicha mwingine, akawapanga watoto kama zamani. Kalamu alikwenda kusimama getini siku hiyo, akazungumza na kila mzazi aliyekubali kusimama. Wengine walimsikiliza, wengi walimwona ana kichaa, na mmoja alimwambia aache kuwatia watoto sumu. Alirudi nyumbani amechoka, akalia kidogo, na mwaka mwingine akaenda tena.

Studioni nako wapo waliohama. Bibi harusi mmoja alimpigia kelele mpaka wapita njia wakajaa mlangoni. Kalamu alimjibu kwamba nuru ipo, tele, ila wakwe wakija kumpokea na picha mkononi watampita wakimtafuta mwenyewe. Umati ukacheka, na bibi harusi naye akacheka akiwa bado amenuna, akapigwa alivyo. Ile picha ilikaa dirishani miaka.

Ndivyo Kalamu alivyokuja kuwa yule mwanamke ambaye baadaye mji mzima ulimjua. Karani akiwaruka watu weusi kwenye foleni kumhudumia mweupe aliyekuja nyuma, sauti ya Kalamu ndiyo iliyosikika: "Samahani, foleni hii inaanzia kwenye miguu au kwenye rangi?" Wakamwita Mama Foleni, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kebehi. Alifundisha vijana wengi kupiga picha, na somo la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa kumpiga mtu mweusi kwenye kivuli bila kumpoteza. Jirani akimtania mtoto kwa weusi wake, Kalamu hakucheka hata kama wote walicheka, na aliuliza palipochekesha ni wapi, mpaka kicheko kikafa. Alikuwa anachosha, na alikuwa akijua. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, na akikaa barazani kwake anaikumbuka harufu ya dawa zile mpaka anaisikia puani. Anamkumbuka Mjomba, ambaye hayupo tena, aliyekuwa akijisahau na kuchovya brashi kwa mazoea ya mkono, kisha akaiosha haraka akidhani hajaonwa. Anasema alimpenda kuliko mtu yeyote, na kwamba aligombana naye kuliko mtu yeyote.

Lakini ukimuuliza siku ipi angeirudia, hakuambii ya shule wala ya foleni. Anakwambia ile ya mwisho wa mwezi, karatasi laini zilipokuwa zimeshafika, picha imechapwa, na dobi akaingia mlangoni.

Alikuwa ametoka kazini, nywele zina mvuke. Hakukaa. Kalamu alimpa fremu kwa mikono miwili, naye Mjomba alijifanya anafuta lenzi iliyokuwa safi. Dobi akaipokea. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

Mtoto alikuwa mweusi wa kung'aa kwenye paji la uso, pua yake imetanda vizuri, amebana midomo kama anayezuia kicheko. Na kwenye shavu, kuanzia kando ya mdomo mpaka karibu na sikio, ngozi ilikuwa imepauka, ina unga unga wa kijivu, kama ngozi inavyokuwa mtu akinawa uso kwa haraka akatoka hivyo hivyo. Kalamu alikuwa ameuona mpauko ule siku nyingi. Mkono ulimwasha kuufuta, akajizuia.

Dobi alitazama, akatazama. Halafu uso wake ukabadilika, ukakunjamana kwa hasira.

"Wewe!" alisema. "Wewe mtoto! Hukupaka mafuta!"

Mjomba na Kalamu wakatazamana.

"Si nilikuachia chupa mezani? Si nilimwambia mama yako mdogo, asitoke hajapaka mafuta, anakwenda kupigwa picha? Ona ulivyopauka! Umekwenda mbele za watu hivyo, watasema huna mama!" Akalamba kidole gumba, akaanza kusugua shavu la mtoto juu ya kioo, kwa nguvu, kama wanavyofanya mama wote duniani mlangoni mwa shule. "Hebu tulia. Tulia nikufute."

Mjomba, maskini, mazoea yakamponza. Akasogea, akasema kwa upole, "Mama, kama ni huo mpauko, tunaweza kuuondoa. Ni kazi ndogo tu—"

"Umguse mwanangu uone!" alisema dobi.

Akaikumbatia fremu kifuani, akarudi nyuma mpaka kigoda kikampokea. Akakaa. Akaiweka mapajani, akaendelea kumsema binti yake kuhusu mafuta, soksi, kutotii, na kuondoka bila kuaga, na wale wawili wakasimama kimya wakamwacha aseme mpaka atosheke.